Nyumba ya Raha na Debe la Maji



Kwa desturi mhakiki huhakiki kitabu au mashairi. Leo naomba ruhusa yako nihakiki nyumba, kwa kuwa siku hizi ziko nyumba ambazo nazo hutunga maneno, na maneno hayo huingia majumbani mwetu yakabadili maana ya raha. Nyumba ninayoikusudia ni hoteli mpya ya fahari, moja katika zile zinazojengwa ufukoni mwa Unguja upande wa mashariki, ambazo hazipendi tena kuitwa hoteli bali nyumba za siha na utulivu. Jina lake silitaji. Sikwenda pale kumtafutia mtu makosa, na nilipokelewa kwa heshima zote.

Nilifikaje huko, mimi mwalimu mstaafu wa Newala? Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye Mwenyezi Mungu amemfungulia mlango wa riziki, alitulipia mimi na mama watoto siku mbili. Aliniambia, “Mwalimu, wewe umetulea, nenda ukapumzike. Lakini ukirudi nipe maoni yako ya haki, maana mimi na wenzangu tunafikiria kujenga nyumba ya namna hiyo kwetu, karibu na Shimo la Mungu.” Msomaji asiyeijua Newala aelewe kuwa Shimo la Mungu ni pale ukingoni mwa mji, ambapo nyanda za juu za Makonde hukatika ghafla, na mtu akaitazama nchi ya bondeni mpaka macho yakachoka. Kwa hiyo nilikwenda kama mgeni, na pia kama mtu aliyeombwa ushahidi.

Nianze na mema, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Mahali pale pana utulivu wa kweli. Chumbani hamna televisheni. Chakula ni samaki, mboga, matunda na madafu, wala hakuna anayekushurutisha kula usichokitaka. Mimi nilikandwa mgongo na kijana mwenye mikono ya ujuzi, na maumivu niliyokuwa nayo tangu kiangazi yakapungua. Mama watoto, ambaye ni mtu wa Mikindani, aliletewa bakuli la karafuu, liwa, asumini na mlangilangi vilivyotwangwa, akaambiwa hiyo ni tiba ya pekee ya nyumba ile. Alicheka akasema, “Si singo hii? Hivi ndivyo nilivyosingwa siku ya harusi yangu, na somo wangu hakunidai hata senti.” Binti aliyekuwa akimhudumia naye akacheka, akakiri kuwa amefundishwa na bibi yake.

Je, raha ya namna hii ni haramu? Wapo watakaokimbilia kusema hivyo. Mimi sioni. Mtume (S.A.W.) alimkataza sahaba Abdullah bin Amri kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Na katika hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, ametutajia neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika kwazo: siha na faragha. Tazama, msomaji, neema hizo mbili ndizo hasa zinazouzwa katika nyumba zile. Na lile neno la Kiarabu lililotumika katika hadithi ni neno la sokoni: ni mtu aliyepunjwa katika biashara, aliyetoa kingi akapata kidogo. Basi swali la kuuliza si kama kupumzika ni dhambi. Tuulize ni nani anayepunjwa katika biashara hii.

Nilianza kulijua jibu kwa mambo mawili madogo.

La kwanza ni kisanduku kilichowekwa kando ya mto wa kitanda. Ndani yake mlikuwa na vizibo vya masikio. Nilipouliza, nilielezwa kwa adabu kuwa ni kwa ajili ya wageni wasiopenda kuamshwa na sauti za kijijini. Alfajiri nikaijua sauti hiyo ni ipi. Ilikuwa adhana ya msikiti mdogo ulioko upande wa pili wa ukuta, sauti ya mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi. Sikukasirika, kwani asiye Mwislamu hakulazimishwa kuamka. Lakini kijitabu cha chumbani kiliahidi kuwa mgeni “atatakasika” na kuwa “karibu na watu wa pwani”. Nikajiuliza huo ni ujirani gani unaoanza kwa kuziba masikio.

La pili ni maji. Bafu letu lilikuwa na bomba la ndani, bomba la nje chini ya mti, na hodhi ambalo mtu mzima angejilaza akanyosha miguu. Nje ya mlango palikuwa na kidimbwi cha kuogelea cha chumba chetu peke yetu, ambacho hatukukiingia hata mara moja, na bado maji yake yalikuwa yakimwagika ukingoni usiku na mchana ili yapendeze macho. Bustani ilimwagiwa asubuhi na jioni. Mtunza bustani alikuwa kijana wa Tandahimba. Hilo lisikushangaze, kwani Wamakonde si wageni Unguja. Wazee wetu walikwenda huko zamani kulima na kupalilia mikarafuu. Aliponisikia nikisema na mkewangu kwa lugha ya nyumbani, alitua mpira wa maji akaja kutuamkia. Nikamwuliza habari za maisha. Akasema, “Alhamdulillahi, babu. Hapa ndani bomba halikatiki. Kule nilikopanga, nyuma ya ukuta, mke wangu huamka usiku kuyavizia maji.” Akasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, akarudi kumwagia maua.

Msomaji, ardhi ya mashariki ya Unguja ni ya mawe ya matumbawe. Mvua hunywea ndani, na maji matamu hukaa kwa uchache juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda katika visima vya watu. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilichapisha uchunguzi juu ya vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Lilikuta kuwa nyumba moja ya wanakijiji ilitumia kwa wastani lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia kwa wastani lita 3,195. Hesabu hizo ni za wakati ule na za vijiji vile, wala sizibandiki juu ya nyumba niliyolala. Lakini tuzipime kwa vipimo tunavyovijua. Lita 3,195 ni karibu madebe 160 ya lita ishirini. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga josho kwa pishi moja, yaani kiasi cha lita tatu hivi. Basi maji ya chumba kimoja kwa siku moja yangetosha majosho zaidi ya elfu moja.

Huenda mtu wa mjini akaiona hesabu hii kuwa ni ya karatasi tu. Mtu wa Newala haioni hivyo, na hapa sina budi kukupeleka kwetu.

Wazee wa Kimakonde husimulia kuwa mtu wa kwanza na mkewe walikaa karibu na mto, na mtoto wao akazaliwa mfu. Wakapanda juu kidogo, na wa pili akawa vivyo hivyo. Wakapanda tena mpaka juu kabisa, na huko mtoto akaishi. Kwa hiyo wakawausia wajukuu wasijenge mabondeni penye maradhi, bali wakae juu penye hewa safi. Sitii simulizi hii katika dini. Naieleza kwa sababu ni habari ya watu waliotafuta siha kwa kuchagua mahali pa kukaa, kabla nyumba za fahari hazijabuniwa. Lakini siha ile ilikuwa na gharama yake. Ardhi ya juu ni ya mchanga, mvua huzama yote, na chemchemi hutokea chini kabisa miguuni mwa genge. Waliolipa gharama ni wanawake. Bibi yangu alikuwa akitoka usiku wa manane pamoja na wenziwe, wakateremka, wakangoja zamu kisimani, wakapanda na debe kichwani, na kufika nyumbani jua limekwisha kuwa kali. Debe moja lilikuwa la kunywa, kupikia na kutawadha kwa nyumba nzima. Tulipokuwa watoto tukimwaga maji, hakutupiga. Alitushika mkono akatuwekea kiganja chetu utosini mwake, pale nywele zilipokuwa zimekatika kwa kubeba.

Alhamdulillahi, mambo yamebadilika kwa kiasi. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mradi wa Makonde wa kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari, na miaka ya 1970 serikali ya Finland ikaanza kusaidia maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Jirani zetu wa Masasi, wanaokaa chini kati ya majabali yao, huyapata ya chemchemi za Mbwinji. Hata hivyo nyumba nyingi za Newala bado huchimba tangi na kulisakafia ili kuvuna mvua ya bati, kwa sababu maji ya kupandishwa mlimani hutegemea mashine, na mashine huharibika.

Sasa tazama historia ya Unguja yenyewe. Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ni jengo zuri, na mapambo yake ya chokaa wageni huyatazama hadi leo. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, naye alipenda fahari, na alijenga majumba mengi. Lakini alijenga pia hamamu ya Hamamni kwa ajili ya watu wa mji, na akaleta maji ya mfereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Wote wawili walijenga mahali pa kuogea. Mmoja alimfikiria mkewe, na hilo si kosa. Wa pili aliufikiria na mji.

Na wala si Unguja peke yake. Huko Bahari ya Kati kiko kisiwa cha Hispania kiitwacho Ibiza, ambacho siku hizi ni mashuhuri kwa nyumba za siha za matajiri. Waislamu walikikalia kwa karne nyingi hadi mwaka 1235, wakakiita Yabisa, yaani Kikavu. Hawakujidanganya juu ya maji ya kisiwa hicho. Jina hilo kwa lugha yao liliitaja shida yake, nao wakachimba mifereji ya kugawana maji mashambani. Anayejenga leo mahali pakavu na kukimwaga kidimbwi mchana kutwa kwa ajili ya macho, amekosa hata adabu ya kulijua jina la mahali alipo.

Hii basi ndiyo hukumu yangu juu ya nyumba ile. Upishi wake ni mzuri, ukandaji wake ni mzuri zaidi, na watumishi wake ni watu wa adabu. Kasoro yake ni kuwa imeihesabu raha ya mgeni mpaka kwenye kizibo cha sikio, na haikumhesabu jirani. Siha iliyopatikana kwa kiu ya mtu aliye nyuma ya ukuta ina deni ndani yake, na mgeni analala juu ya deni hilo bila kuambiwa.

Niliporudi, mwanafunzi wangu alikuja kunisikiliza. Sikumkataza kujenga. Nilimwambia, “Mwanangu, Sayyidna Uthman (R.A.) alikuwa tajiri, na alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake kisha akawaachia Waislamu wakanywa bure. Wewe anza na tangi la mvua, kubwa, lenye bomba upande wa nje wa ukuta. Kidimbwi cha kila chumba kiache. Na siku mashine ya Kitangari ikiharibika, nyumba yako ikaukiwe pamoja na nyumba nyingine.” Alinyamaza kitambo, akasema, “Mwalimu, hilo la mwisho wenzangu hawatalikubali.” Nikamwambia nami nadhani hivyo. Aliondoka na karatasi zake, na hadi ninapoandika haya hajaniletea jibu.

Mwisho, msomaji wangu, tusimalize kwa kuwasema wenye hoteli tu. Mwenyezi Mungu ameikataza israfu kwa kila mtu, na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimkanya Saad kwa kumwaga maji akitawadha, akamwambia kuwa israfu ipo hata kwa aliye kando ya mto unaokwenda. Ingia misikitini mwetu saa ya adhuhuri usikilize mabomba yanavyoachwa wazi huku watu wakizungumza. Tazama harusi zetu, ambapo madumu ya maji yaliyobebwa na mabinti wa watu humwagwa uani kwa kuosha mazulia ya kukodi. Mwenye hoteli huvuna alichokipanda kwa fedha. Sisi je, tunafanya vile kwa kisingizio gani?

Kesho ukifungua bomba, fungua kwa kiasi cha kibaba. Kama una binti, mfundishe hivyo, na mvulana naye umfundishe, kwani mabega ya kubeba debe anayo.

Wabillahi tawfiq.