"Tegemezi" au "Tegemeo"? Kasoro Moja katika Istilahi za Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazokutwa katika tafsiri, ipo moja ambayo, kwa maoni yetu, imeelekezwa kinyume. Nayo ni *tegemezi*, kwa maana ya kazi iliyoandikwa na wengine ambayo bila hiyo programu haiendi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu mwenyewe. Kazi za kawaida, kama kusoma tarehe au kuandika kumbukumbu za matukio, huzichukua zikiwa tayari katika mafungu yaitwayo maktaba. Zamani aliyatafuta moja moja na kuyaweka mahali pake kwa mkono. Chombo kiitwacho Maven humwondolea taabu hiyo: hutaja katika faili jina la maktaba na nambari ya toleo lake, na chombo huifuata katika hifadhi kuu kwa njia ya intaneti, kisha huweka nakala katika kompyuta yake ili isifuatwe tena. Tangu toleo la pili la Maven, la mwaka 2005, chombo huleta pia maktaba ambazo maktaba hiyo nayo inazihitaji, na zinazohitajiwa na hizo, bila kuagizwa.

Je, katika uhusiano huu nani anamtegemea nani? Programu ndiyo itegemeayo. Maktaba ndiyo itegemewayo. Lakini *tegemezi*, kama *mlezi* na *mtetezi*, ni umbo la mtenda. Kila mtumishi aliyejaza fomu ya bima ya matibabu anawajua wategemezi wake: ni wale anaowalisha, si wale wanaomlisha. Kuiita maktaba tegemezi ni kumwandika baba katika safu ya watoto.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wanasarufi. Sivyo. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa kasoro ya hatari katika Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio. Ofisi nyingi duniani hazikujua kama zinayo, maadam hakuna aliyeiagiza kwa jina. Iliingia nyuma ya maktaba nyingine. Sasa mtumishi apewe onyo lisemalo "kagueni tegemezi za Log4j". Kwa Kiswahili sanifu atakagua programu zinazoitegemea Log4j. Kwa Kiswahili cha mfasiri wetu atakagua maktaba ambazo Log4j inazitegemea. Hizo ni orodha mbili mbalimbali, na penye hatari ni ile ya kwanza.

*Utegemezi* nao ni jina la hali, na wabaki nayo. Kitu chenyewe kiitwe *tegemeo*, wingi *mategemeo*. Tunajua kwamba magazeti hulitumia neno hili kwa maana ya matumaini. Hata hivyo kijana anayeilisha nyumba huitwa tegemeo la nyumba, na hakuna anayekosea maana.

Kwa zile zinazoingia nyuma ya nyingine tumeona *tegemezi za mpito*. Mpito ni wa serikali ingojayo uchaguzi. Maktaba hizi haziondoki. Tungependelea *tegemeo la karibu* na *tegemeo la mbali*, kama tusemavyo juu ya ndugu. Na wa mbali si wa kupuuzwa: mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliiondoa left-pad, yenye mistari 11 tu, katika hifadhi ya npm, na programu nyingi ambazo waandishi wake hawakupata kuisikia zikashindwa kuundwa hadi iliporudishwa.

*Kupakua* ni teuzi njema, kwani shehena hupakuliwa na chakula hupakuliwa. Ila "maktaba hujipakua" ni kosa: maktaba haijiletei. Programu ya kuundia ndiyo *hujipakulia* mategemeo, kama aliyeruhusiwa kuingia jikoni mwenyewe.

Neno *maktaba* nalo lina utata, kwa kuwa hapa maktaba ndiyo inayochukuliwa kutoka ghalani, kana kwamba nyumba imetolewa ndani ya nyumba. Lakini limekwisha kuota mizizi, na hatuoni faida ya kuling'oa.