Bawa Lilipoacha Kubeba

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1996, Cessna 177B yenye viti vinne iliruka kutoka uwanja wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, Marekani, mvua ikinyesha na dhoruba ikisogea. Ndani alikuwamo Jessica Dubroff, mtoto wa miaka 7 aliyetaka kuweka rekodi ya kurusha ndege kuvuka nchi, pamoja na baba yake na mwalimu aliyekuwa rubani mwenye dhamana. Dakika chache tu baadaye, ndege ikaanguka kwenye mtaa wa makazi. Wote watatu walikufa.

Watu walibishana sana juu ya umri wa mtoto. Kwangu mimi, swali kubwa ni la bawa.

Toa kiganja nje ya dirisha la gari linalokwenda kasi. Ukikiinua kidogo upande wa mbele, upepo unakipandisha. Ukizidisha, hakipandi tena. Kinasukumwa nyuma tu. Bawa nalo ni hivyo hivyo. Likiinuliwa kupita nyuzi 15 au 16 hivi mbele ya upepo unaokuja, hewa iliyokuwa ikiteleza juu yake hubanduka, na ndege huporomoka hata injini ikinguruma. Marubani huiita stoli. Ikitokea juu sana, rubani hushusha pua, kasi ikarudi. Ikitokea juu kidogo tu ya mapaa, hana pa kushukia.

Cheyenne iko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: pangaboi linashika kidogo, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Safari ilikuwa imeanzia Half Moon Bay, California, kando ya bahari, ambako hewa ni nzito. Na ndege ilizidi uzito ulioruhusiwa kwa kilo 40 na ushei.

Walipokwisha kuruka, wakakata kona kulia. Kona huliongezea bawa mzigo: ukiilaza ndege nyuzi 60 bila kushuka, bawa hubeba uzito maradufu, na kasi ambayo chini yake litashindwa hupanda kwa asilimia 41. Kona ile iliuweka upepo mgongoni. Hapo nyumba hupita mbio chini yako, ukadhani kasi unayo. Kumbe ni kasi ya ardhini, na bawa halijui ardhi, linajua hewa tu. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za ndege, waliona huenda rubani alichanganya kasi hizo mbili, akainua pua ili apande. Mkono huo ndio ninaouogopa, unaovuta usukani pale unapopaswa kuulegeza, kwa sababu macho yameona ardhi iko karibu.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko kama futi 5,500, chini kidogo tu ya Cheyenne. Wewe rubani uliyezoea kuruka kutoka Mombasa, kando ya bahari, ukifika hapo mchana wa jua kali, piga hesabu ya uzito upya kabla ya kuwasha injini. Na ukishaacha ardhi, tazama mshale wa kasi, usitazame mapaa.