Nyuzi za Utumbo na Sauti ya Gitaa

Watu wasikiapo santuri za kale za gitaa la Hispania, mara nyingi husema, "Hiyo ndiyo sauti ya kweli, nyuzi za siku hizi zimeiharibu." Neno hili limezoeleka hata halipimwi tena. Yafaa tulipime, maana likiwa si kweli, twawanyima wapigaji wa sasa sifa iliyo haki yao.

Kwanza tuzijue nyuzi zenyewe. Gitaa hilo lina nyuzi sita. Zamani zile tatu nyembamba zilikuwa za utumbo wa kondoo, uliosafishwa, ukasokotwa na kukaushwa. Zile tatu nene zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. Utumbo una sauti nzuri, lakini una taabu zake: hunywa unyevu wa hewa, hubadilika sauti, huchakaa kwa kucha, na hukatika.

Wapigaji nao hawakuwa na njia moja. Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka 1909, katika miaka yake ya mwisho aliacha kutumia kucha, akapiga kwa nyama ya vidole. Mwanafunzi wake Emilio Pujol akaishika njia hiyo na kuitetea kwa maandishi. Lakini Andrés Segovia (1893–1987) alitumia kucha na nyama pamoja, ili asikiwe katika majumba makubwa. Wote walipigia utumbo, na sauti zao hazikufanana. Basi, kama sauti yote ingekuwa ya uzi, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Utumbo ukatakiwa na madaktari kwa kushonea majeraha, na wapiga gitaa wakakosa nyuzi. Huko New York fundi Albert Augustine akatengeneza nyuzi za nailoni, kitu kilichobuniwa na kampuni ya DuPont mwaka 1935. Segovia akazijaribu, akazikubali, wala hakurudi nyuma.

Sasa tulinganishe santuri zake za miaka 1927 hadi 1939 na zile za baada ya vita. Katika zile za kwanza kila sauti huanza kwa ukavu kidogo, kama neno litamkwalo wazi, kisha hufifia upesi. Katika zile za baadaye sauti ni laini zaidi. Lakini namna ya kutikisa kidole juu ya uzi, na ya kukawia kidogo ili wimbo upumue, ni ile ile. Tena mashine za kunasia sauti za siku zile hazikuzishika vema sauti za juu. Huenda upole tunaousifia utumbo ni kasoro ya mashine.

Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ni kweli, ule utamkaji wazi wa utumbo ni hasara kuupoteza. Kwa hiyo wanaotumia utumbo leo kupigia nyimbo za Fernando Sor, aliyefariki mwaka 1839, wafanya vema, kwa kuwa alizitunga kwa nyuzi za namna hiyo. Lakini anayenunua utumbo akitumaini kupata sauti ya Segovia atapata uzi tu. Sauti ile ilitoka katika mkono uliofanya mazoezi kila siku hata uzeeni, nao haukuharibiwa na nailoni.