Dakika Ishirini za Ngoma Isiyopigwa

Kwenye mikutano ya wanataaluma wa muziki, mwanafunzi wa uzamivu hupewa kama dakika ishirini za kusoma wasilisho lake, na kumi za maswali. Humo anatakiwa kueleza miaka ya kazi juu ya chombo ambacho wengi ukumbini hawajapata kukisikia. Nimekaa kwenye vikao hivyo, na ninawastahi sana wale wanaoweza kuigeuza ngoma kuwa data ya kidijitali ikabaki ngoma.

Chukua vinganga vya Wamakonde, watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, kuanzia nyanda za juu za Mueda na Newala hadi vijiji vya pwani karibu na Palma na Mocímboa da Praia. Ni ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, unaochomekwa ardhini, na hupigwa kwa fito nyembamba wachezaji wa mapiko, yaani vinyago, wanapocheza. Ngozi huwambwa kwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo. Ikilegea hupashwa moto wa nyasi kavu mpaka ikaze. Sasa iweke ngoma hiyo ghalani kwenye makumbusho, haina moto wala udongo wa kuuchomeka mguu wake, halafu mwambie mtu aihifadhi kidijitali.

Huanza na picha. Kamera huizunguka ngoma polepole, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, pembeni pakiwa na rula na kadi ya rangi. Kisha programu hutafuta nukta zilezile katika picha mbalimbali na kuunda umbo la pande tatu. Hapo ndipo panapohitaji subira. Mahali ambapo viganja vya walioishika na kuibeba vimeusugua mti hadi ukang'aa, mng'ao huhama kila kamera inapohama, na programu hupotea. Kwa hiyo alama za mikono, ambazo ndizo historia ya ngoma, ndizo ngumu kuliko zote kuzinasa. Mtafiti hufunga vichujio kwenye taa na kwenye lenzi ili kuuzima mng'ao, akarudia upande huohuo tena na tena. Ukumbini kazi hiyo yote huonekana kama slaidi moja inayozunguka kwa sekunde chache.

Ndani ya ngoma kamera haifiki vizuri. Huko huingia eksirei inayozunguka, ya aina ile inayotumika hospitalini, ambayo huonyesha unene wa ukuta wa mti na mahali tezo lilipozama zaidi. Kama ngoma iliwahi kuwambwa upya, matundu ya vigingi vya zamani nayo huonekana. Kuanzia 2014, makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum mjini Nuremberg, pamoja na wataalamu wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer, yalifanya mradi wa MUSICES wa kupima vyombo vya muziki kwa njia hiyo na kuweka taratibu ambazo wengine wangeweza kuzifuata. Moja ya shida zinazojulikana katika kazi hii ni chuma. Ndimi za chuma za malimba, chombo kinachopigwa kwa vidole gumba, hutupa michirizi kwenye picha na kuuficha mti ulio chini yake.

Nuremberg ni mji alikozaliwa Margot Dias, mpiga piano aliyeolewa na mwanaanthropolojia Mreno, Jorge Dias. Kati ya 1958 na 1961 alikwenda kwa Wamakonde wa Msumbiji akiwa na kamera ya filamu na kinasa sauti, na mwaka 1986 akatoa kitabu kizima juu ya vyombo vya muziki vya Msumbiji. Filamu zake zilitolewa upya kwenye DVD mwaka 2016. Zilipigwa wakati wa ukoloni, kwa safari zilizogharamiwa na serikali ya kikoloni, na mtafiti mwaminifu husema hivyo waziwazi. Hata hivyo jicho la mwanamuziki limo ndani yake. Kamera hutulia ikitazama mikono ya wapigaji.

Katika kuunganisha skani na filamu kama hizo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Skani hutoa mwili wa ngoma kwa usahihi wa sehemu za milimita, lakini sauti ya ngoma hutegemea ngozi imekazwa kiasi gani, na mkazo huo ulikwisha siku moto ulipozimwa. Haumo kwenye umbo. Anayejua kazi yake huweka mwili uliopimwa upande mmoja, mkono uliorekodiwa upande wa pili, na husema wazi ni wapi kipimo kimeishia na wapi makisio yameanza. Ni rahisi mno kuucheza mlio uliotengenezwa na kompyuta na kuwaacha watu waamini wamesikia ngoma ya mwaka 1958.

Dimbila ni mtihani mkubwa zaidi. Ni marimba ya vipande vya mti vinavyopangwa juu ya vigogo vya migomba au matita ya nyasi, wapigaji wakiketi wakitazamana. Ikiisha kupigwa, hukusanywa. Makumbusho hubaki na vipande tu. Je, unaskani nini? Jibu zuri kuliko yote ni kuskani kila kipande, kisha kumtafuta anayejua kuvipanga.

Na kumpata si jambo dogo. Tangu mashambulizi ya waasi wenye silaha yalipoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, na baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Mpigaji wa kuulizwa huenda yuko katika mji wa Pemba wa Msumbiji au Metuge, bila ngoma yake, akifikiria unga na turubai. Mtafiti mwenye adabu hupanga muda wake kufuata hali ya mpigaji huyo, hata kama tarehe ya mkutano inakaribia.

Kwa hiyo mimi husubiri zile dakika kumi za maswali. Mtu atauliza kwa nini kigingi fulani kimeinama kuliko vingine. Mtafiti wa kweli atataja jina la aliyemweleza, kwa idhini yake, atasema maelezo yalitolewa kwa Kimakonde, Kimwani au Kiswahili, na ataeleza faili zimepelekwa kwa nani huko Cabo Delgado, mkoa wa Wamakonde wa Msumbiji, na kama zinafunguka kwenye simu ya kawaida. Hilo la mwisho ningependa liwe slaidi ya kwanza.