Wati Tano Kwenye Ukingo wa Kilimatinde

Kilimatinde, wilayani Manyoni, uwanda wa juu wa kati unakatika ghafla na kuporomoka kwenye bonde la ufa. Chini linaonekana bonde la Bahi likiwa tambarare, na ndani yake inapita reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910. Mtu akisimama juu ya ukingo huo na simu ya upepo ya wati tano, anasikika mbali sana. Mwenzake aliye bondeni, mwenye simu ya aina ileile na betri iliyojaa vilevile, akijaribu kumwita mtu mwingine wa bondeni anaishia kilomita chache. Wanaonunua simu hizi kwa ajili ya ulinzi, ujenzi, doria au safari za porini mara nyingi huuliza kwanza ina wati ngapi. Kwa nchi ya Dodoma na majirani zake hilo ndilo swali la mwisho kuuliza.

Simu za mkononi za aina hii hutumia VHF, takriban megahezi 136 hadi 174, au UHF, takriban megahezi 400 hadi 470. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu kama mwanga: yanakwenda moja kwa moja, na dunia inapojikunja yenyewe yanapitiliza angani. Mafundi wana hesabu fupi ya kukadiria mwisho wa safari hiyo. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha. Jibu ni kilomita. Watu wawili waliosimama mbugani, antena zao zikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, wanapata kilomita tano kila mmoja, jumla kumi. Hizo ni za mbuga tupu, bila mti wala nyumba. Sasa mpandishe mmoja wao mahali palipo mita 200 juu ya mwenzake: upande wake pekee unakuwa kilomita 58, na jumla inapita 60. Hakuna aliyeongeza hata nusu wati.

Tuziangalie basi hizo wati. Kutoka wati moja hadi tano ni ongezeko la desibeli saba, na sikioni mwa anayepokea hiyo ni hatua moja ndogo tu. Mahali pasipo kizuizi nguvu mara tano huzaa umbali wa mara mbili na kidogo, lakini dunia ikishajikunja mbele yako, au kilima kikishasimama katikati, wati za ziada zinaishia kwenye udongo. Kongwa na Mpwapwa zimetenganishwa na safu ya Kiboriani. Anayeita kutoka upande mmoja wa milima hiyo hampati wa upande wa pili kwa simu ya wati tano, na akinunua ya wati nane hatampata pia. Dawa yake ni mtu wa tatu akae begani mwa mlima, mahali anapoziona pande zote mbili, awapokezanishe ujumbe. Njia hiyo ni ya zamani na ingali bora kuliko fedha nyingi zinazotupwa madukani.

Magharibi ya Manyoni hali ni nyingine. Vichaka vya Itigi vimesongamana kiasi kwamba mtu hupenya kwa shida, na majani yenye maji hunyonya mawimbi. Mawimbi ya UHF ni mafupi, karibu sentimita 67 kwenye megahezi 450, nayo humezwa haraka zaidi na majani na matawi. VHF ya megahezi 150, yenye wimbi la mita mbili, hupenya vizuri zaidi. Ndani ya jengo la zege mambo hugeuka: UHF hupita kirahisi zaidi kwenye madirisha, milango na korido. Kwa hiyo mlinzi wa jengo la ghorofa kwenye Mji wa Serikali pale Mtumba na askari wa wanyamapori wa pori la Swagaswaga hawafai kuuziwa simu ya aina moja kwa hoja kwamba zote ni simu za upepo.

Kuna jambo linaloharibu mawasiliano kuliko yote hayo, nalo ni namna ya kuishika simu. Watu huichomeka kiunoni na kuongea kwa kipaza sauti cha waya, antena ikiwa imelala ubavuni. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hula mawimbi. Isitoshe, antena iliyolala haielewani vizuri na antena iliyosimama. Iinue simu mpaka usawa wa uso, antena iangalie juu, mdomo uwe kama upana wa kiganja kutoka kwenye kipaza sauti. Ukiwa ndani ya gari, toka nje. Ukiwa bondeni, panda kichuguu. Kama bado husikiki, sogea hatua mbili tatu upande wowote, kwa sababu mawimbi yanayorudi kutoka kwenye majabali na mabati huwa yanauana mahali pamoja na kusaidiana mita moja mbele.

Antena fupi ya mpira inayokuja na simu ni ya kubebeka kuliko ya kufika mbali. Robo ya wimbi la VHF ni karibu nusu mita. Kile kipande cha mpira ni waya uliosokotwa ili uonekane mfupi, na kwa usokotaji huo umepoteza nguvu. Antena laini ya sentimita 40 na kitu, iliyotengenezwa kwa masafa yako, ni ongezeko la maana kuliko simu mpya. Redio ya mkononi ya jeshi la Marekani ya Vita Kuu ya Pili, SCR-536 iliyotengenezwa na Motorola, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili na nchi kavu ilifika kama kilomita moja na nusu. Haikuwa na swichi ya kuwashia: ukiivuta antena inawaka, ukiirudisha inazimika. Hakuna askari aliyeweza kuongea kabla hajaivuta antena yake. Ningependa simu za leo zingekuwa na kanuni hiyo.

Eneo likiwa pana kuliko mtu mmoja wa kupokezana, hufungwa ripita. Hii ni redio inayosikiliza kwenye masafa mamoja na papo hapo kurusha tena ilichosikia kwenye masafa mengine, ikiwa juu ya jabali au mnara, kwa umeme wa jua na betri kubwa. Simu ya mkononi inarusha kwenye masafa ya kwanza na kupokea kwenye ya pili. Dodoma imejaliwa majabali yanayochomoza peke yake kwenye tambarare, na jabali la mita mia moja linampa mtu wa mkononi kilomita 40 na zaidi kila upande. Kazi ngumu iko kwenye vichujio, kwani redio inayonguruma na inayosikiliza zinakaa pamoja na ya pili isipokingwa inazibwa masikio na ya kwanza. Halafu kuna radi. Kuanzia Desemba hadi Aprili chochote kilichosimama peke yake juu ya jabali kinaitafuta, na ripita isiyozikiwa waya wa ardhi haimalizi misimu mingi.

Sasa betri, ambako simu nyingi za upepo hufia.

Betri ya kawaida ya siku hizi ni ya lithiamu, volti 7.4, miliampea-saa 1800 au zaidi kidogo. Simu ikirusha kwa wati tano hunywa karibu ampea moja na nusu. Ikitoa sauti kwenye spika, karibu miliampea 300. Ikingoja kimya, kama 70. Watengenezaji hupima kwa mtu anayeongea asilimia tano ya muda, kusikiliza asilimia tano, na kungoja asilimia 90. Kwa mgawo huo wastani ni kama miliampea 150, na betri inakaa karibu saa 12, zamu nzima. Mpe simu hiyohiyo msimamizi anayeongea robo ya muda wake na kusikiliza robo nyingine: wastani unapanda karibu miliampea 490, na kabla ya saa nne kutimia imezima. Betri haijaharibika wala haikuwa feki. Ashushe nguvu mpaka wati moja anapoongea na watu wa karibu, na afupishe maneno.

Kuna ushauri unaosikika kila mahali, kwamba betri imalizwe kabisa ndipo ichajiwe. Ulikuwa na maana kwa betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Kwa lithiamu ni kuiua polepole. Ichaji ikiwa imebaki theluthi, iondoe kwenye chaja ikishajaa, na kama simu itawekwa stoo kwa miezi, iache nusu. Joto ni adui mbaya zaidi. Betri hizi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani joto linapita hapo kwa urahisi. Dereva akirudi saa nane mchana, akaichomeka simu iliyokuwa imelala pale kwenye chaja ya gari papo hapo, anaifupishia umri. Iache kivulini ipoe kwanza.

Katika vijiji ambako umeme ni wa sola, nimeona betri ya simu imeungwa kwa waya moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Betri ya simu ikijaa ni volti 8.4, ile ya pikipiki ni 12 na zaidi. Kinachosimama kati ya mwenye simu na moto ni kisakiti kidogo cha ulinzi ndani ya betri, na si kila betri ya bei rahisi inacho. Tumia chaja yake, uipe umeme inaoutaka. Na betri iliyovimba, hata kama bado inawasha simu, isirudishwe kazini.

Vumbi la Dodoma la kiangazi ni laini mno. Nilimtazama fundi mmoja mjini akiifungua simu ya mlinzi iliyolalamikiwa kuwa haisikiki. Kitundu cha kipaza sauti, kidogo kuliko kichwa cha pini, kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu uliogandamana na jasho. Hakukipuliza wala hakukichokoa kwa sindano, maana ndani yake kuna utando unaotoboka. Alilowesha mswaki laini kwa spiriti, akausugua taratibu huku ameinamisha simu ili uchafu udondoke nje. Kisha akachukua kifutio cha penseli na kusugua vile vibati vinne vya betri mpaka vikang'aa. Mwisho alishika antena na kuitikisa: ilicheza. Mwenye simu alizoea kuibeba kwa kuning'iniza kwenye antena, na kile kiungio cha chini kilikuwa kimepasuka solda. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Kurusha bila antena, au kwa antena iliyolegea, kunarudisha nguvu ndani ya simu, na transista ya mwisho inaweza kuungua.

Jambo jingine linahitaji kusemwa kwa walinzi hasa wanaosindikiza fedha. Simu nyingi huuzwa kwa maelezo kwamba zina namba za siri, yaani toni ndogo za hezi 67 hadi 254 zinazopita chini ya sauti yako. Toni hizo hazifichi chochote. Zinaiambia simu yako isifungue spika mpaka isikie toni yake, hivyo wewe ndiye usiyewasikia wengine. Yeyote aliye kwenye masafa hayo bila kuweka toni anasikia kila neno, pamoja na saa mtakayotoka na barabara mtakayopita. Mnapotaka siri, tumieni simu za dijitali zenye usimbaji, au msiseme.

Usemaji wenyewe una adabu yake. Bonyeza kitufe, ngoja kidogo kama pumzi moja, ndipo uongee. Wengi hukatwa neno la kwanza kwa sababu simu na ripita hazijafunguka bado. Taja unayemwita, kisha jina lako la kituo, sema jambo, maliza kwa ova. Aliyepata ajibu kwamba amepata, na kama ni namba au mahali, airudie. Watu wawili wakibonyeza pamoja, mara nyingi hakuna anayesikika vizuri.

Masafa hayo yana mwenyewe. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vimeidhinishwa. Ndugu walioko Ulaya hutuma simu ndogo za nusu wati za megahezi 446, ambazo huko mtu yeyote hutumia bila leseni. Wa Marekani hutuma za megahezi 462. Ruhusa hiyo ni ya nchi ilikotoka simu. Kabla ya kuiwasha hapa, ulizia TCRA. Hali ni ngumu zaidi kwa simu za bei nafuu zinazofunguka masafa yote kwa kubonyeza vitufe, kwa sababu mtumiaji anaweza bila kujua kuangukia kwenye masafa ya polisi au ya hospitali. Kikundi kikishapata leseni, fundi aingize masafa yaliyotolewa kwa kompyuta, afute mengine yote, afunge vitufe vya kubadilishia, na abandike orodha ya chaneli nyuma ya kila simu.