Fundi wa Pumzi

Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa, misuli yake ikiwa imelegezwa, hawezi kusema kwamba hewa haimfikii. Anayemsemea ni kifaa kidogo kando ya mashine ya usingizi, kinachofyonza sehemu ya pumzi yake kupitia mrija mwembamba na kuimulika kwa mwanga wa infraredi. Kaboni dayoksaidi humeza mwanga huo. Kadiri ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyofifia, na kwenye skrini wimbi hupanda na kushuka. Mrija wa kupumulia ukipotea njia ukaingia kwenye umio, wimbi hutoweka baada ya pumzi chache, mapema kabla midomo haijabadilika rangi.

Ninayemsifu ni yule anayefanya wimbi hilo liaminike, fundi wa vifaa tiba. Adui wake mkubwa ni maji. Pumzi ya binadamu ina joto na mvuke. Ikipoa mrijani hugeuka matone, na matone yakifika kwenye chumba cha kipimo namba hupotoka. Basi fundi humwaga kikombe cha kunasia maji, hubadilisha chujio, hupapasa mrija wote akitafuta ufa, maana ufa mdogo tu huingiza hewa ya chumbani na kushusha kipimo. Kisha hupuliza pumzi yake mwenyewe na kulitazama wimbi lake. Napenda sana kitendo hicho: kabla ya mgonjwa, fundi amejipima yeye.

Kihisio cha oksijeni, ambacho nacho fundi hukitunza, kina tabia nyingine. Kile cha seli ya kemikali huchakaa hata kikikaa bila kazi, kwa kuwa madini ya risasi yaliyo ndani yake huliwa na oksijeni. Tena hupima shinikizo la oksijeni, ndipo asilimia hukokotolewa. Kikirekebishwa Mombasa kisome 21 katika hewa ya kawaida, kikipandishwa Nairobi, ambako shinikizo la hewa ni dogo, bila kuguswa kitasoma 17 hivi, ingawa hewa ina oksijeni asilimia ileile. Asiyejua atakitupa. Fundi hukirekebisha upya palepale, kikaendelea na kazi.

Viwango vya kimataifa vya mwaka 2018, vya Shirika la Afya Duniani na shirikisho la wataalamu wa usingizi, vinasisitiza kuhakikisha mahali pa mrija wa kupumulia kwa kupima kaboni dayoksaidi. Enyi mnaopanga bajeti za hospitali, mkinunua mashine, nunueni pia mirija, vichujio na vihisio vya akiba, na fundi awe ameajiriwa kabla sanduku halijafunguliwa.