Nyimbo Usiku wa Gatumba: Uhakiki wa Dhana ya "Chuki za Kikabila"

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa katika kambi ya Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, kilomita chache kutoka mpaka wa Kongo. Wengi wao walikuwa Wabanyamulenge waliokimbia Kivu Kusini baada ya mapigano ya Bukavu. Kundi la FNL, lililoongozwa na Agathon Rwasa, lilikiri kuhusika.

Maelezo yaliyozoeleka huyaita mauaji hayo chuki za kikabila zilizovishwa joho la dini, kwa kuwa manusura walisimulia kwamba washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za kidini. Maelezo hayo yana pengo. Wabanyamulenge walio wengi ni Wakristo. Waliouawa na waliokuja wakiimba waliitaja imani moja. Kwa hiyo dini haikuwa mstari wa mgawanyiko, bali nyenzo ya kuwatia wapiganaji ari.

Kabila nalo halijitoshelezi. Ni kweli kwamba wahanga walichaguliwa: Warundi waliorejea kutoka uhamishoni, waliohifadhiwa mahali hapohapo, kwa kiasi kikubwa waliachwa. Hata hivyo, kabila linaeleza nani alilengwa. Halielezi kwa nini hakulindwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unaagiza wakimbizi wawekwe, kadiri inavyowezekana, mbali vya kutosha na mpaka wa nchi yao. Gatumba ilikuwa mlangoni pa mpaka huo. Tena, ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2004 ilibainisha kwamba wanajeshi wa Burundi waliokuwa karibu hawakwenda kuwaokoa.

Nyuma ya hayo kuna suala la uraia. Sheria ya Zaire ya mwaka 1981 iliutia shakani uraia wa Wabanyamulenge. Sheria mpya ya Kongo ilitoka tarehe 12 Novemba 2004, miezi mitatu baada ya mazishi.

Neno "kikabila" likiachwa peke yake, huwapunguzia mzigo waliochagua eneo la kambi, waliopaswa kuilinda na waliotunga sheria. Mshauri wa sera anayelipokea bila kulihoji atapendekeza semina za maridhiano, ilhali kambi inayofuata inajengwa tena mpakani.